Penseli ya Nélida

Mei, Paysandú. Baridi inapanda kutoka mtoni,
na mimi, Ulises Bentancor, mchapaji wa mji huu,
nawachapia wote: orodha ya kijani asubuhi,
orodha ya zambarau baada ya chakula.
Wino hauna chama.
Ndivyo nilivyozoea kusema.

Jumanne akaingia Nélida, mhasibu wa ghala la ngano,
mwanamke asiyepotelewa na senti hata gizani.
Karatasi ya zambarau ilikuwa mezani, bado mbichi:
*Nyumba mia tatu zenye bomba jipya: sitini zina watoto waliougua.
Nyumba themanini zisizo na bomba: ishirini na nne tu.*
Na chini yake, kwa herufi nene nilizozipanga mwenyewe:
BOMBA LAO LINALETA MARADHI.

Bomba ni la kijani. Nélida ni wa kijani
tangu tumboni mwa mama yake.
Alisoma, shingo ikamwiva.
Akaweka kando kibuyu cha majani machungu,
akachomoa penseli aliyoichomeka nyweleni,
akagawanya.
Moja kwa tano, huku. Tatu kwa kumi, kule.
"Unaona, Ulises? Penye bomba wagonjwa ni wachache.
Hawa wanatufanya mazuzu."
Alisema kweli. Hesabu ilisimama wima kama nguzo ya simu.

Kisha akaokota karatasi ya kijani.
*Mitaa ishirini yenye taa zetu mpya: sita imeibiwa.
Mitaa tisini yenye giza: kumi na minane.*
Sita. Kumi na minane.
Akatabasamu.
Penseli ikarudi nyweleni.
Akavuta mrija wa chuma mpaka kibuyu kikakoroma.

Nilingoja. Wallahi nilingoja agawanye.
Mkono ni ule ule, akili ni ile ile,
kisu ni kile kile, ila sasa kimelala alani.

Olegario, anayenifagilia matbaa, hakuona tatizo lolote.
Tarakimu humpita kama treni ya mizigo
isiyo na haja na kituo chetu.
"Mimi kugawanya sijui," akasema, ameegemea ufagio,
"najua rangi ya leso aliyozikwa nayo baba.
Nikifika kwenye sanduku, nachagua leso."
Tukamcheka, mimi na Nélida, mpaka machozi.
Yeye hujikwaa kwa kukosa taa.
Sisi taa tunazo,
tunammulikia jirani uani kwake.

Alhamisi usiku ikaja simu. Sauti ya kiume, ya upole,
upole ule wa mtu anayekuhesabia makosa.
Karatasi ya zambarau, ukurasa wa pili, gharama ya bomba:
milioni mia nne.
Ilikuwa arobaini.

Nikafungua droo ya prufu.
Prufu ya kijani imechakaa kwa wino mwekundu:
nimesahihisha mpaka mkato, mpaka nafasi
kati ya neno na nukta.
Nimeisoma mara tatu, rula mkononi.
Ya zambarau ina sahihi yangu
na duara la kahawa.

Sijamwambia mtu nampigia nani kura. Hata marehemu mke wangu,
Zulma, alikufa akidhani mimi ni wa katikati.
Lakini droo inajua.
Sifuri ile ilipita mbele ya macho haya,
miaka thelathini na mmoja ya kusahihisha,
nayo ilinipendeza,
nikaiachia njia kama mgeni wa heshima.

Nikazima taa. Nikaiwasha tena.
Nikachukua penseli, nigawanye ile mitaa ya kijani:
penye taa, mitatu kwa kumi imeibiwa;
penye giza, miwili.
Nikapiga meza kofi, peke yangu, saa saba za usiku,
kwa furaha.
Kisha nikautazama ule mkono.

Jibu lilikuwa sahihi. Niliirudia mara mbili.
Nje, nakala elfu tano,
sifuri yangu inabisha hodi mlango kwa mlango,
na watu wanaifungulia.